Fomu ya Kui

Tuktuk ya kutoka Rhonda ilikuwa inaruka mashimo, na Jamleck alikuwa amefinywa katikati ya wamama wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa ameshika fomu ya msichana wake, Kui, ya kuchagua masomo ya senior school. Mwisho wa kurudisha ilikuwa leo saa nne. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka ikalegea kama chapati.

"Eti anataka sayansi," alilalamika. "Juzi alichukua mayai yangu thelathini akaweka kwa katoni na balbu. Kwani kuku wangu wamestaafu?"

Yule mwingine, fundi wa lifti kwa overoli yake, aliuliza, "Vifaranga wangapi walitoka, mathe?"

"Ishirini na wawili."

"Na kuku wako hutoa wangapi?"

Mama Kui aliangalia barabara kwanza. "Nane. Lakini kuna kijana wa kwetu alisomea fizikia akaachia katikati, saa hii anauza soseji za smokie barabarani. Wangu akikwama nitamwambia nini?"

Jamleck, ambaye pia aliacha fizikia mwaka wa pili, alishukuru Mungu kwamba yeye hauzi smokie. Anauza mayai boilo.

"Mimi niliambiwa nitakosa bwana," fundi alisema. "Nilipata wawili, nikarudisha mmoja."

Tuktuk ikasimama kwa geti ya shule. Mama Kui akaruka chini. "Naweka tiki kwa arts, maneno iishe. Nani ako na biro?"

Jamleck alifunika biro yake mfukoni kwa kiganja, akampa penseli yenye raba nyuma.