Shuka la Pakani

Duka la chakula cha mifugo la Earline liko pale ambapo barabara ya kwenda mji wa Opelousas inakutana na ile inayoingia mashamba ya mpunga, na mbele yake, chini ya baraza la bati, pana benchi refu ambalo halijawahi kukaa tupu asubuhi tangu Earline aliporithi duka kwa baba yake. Kahawa ni nyeusi tii, ya kukaangwa mpaka karibu iungue, na anayetia maziwa husemwa wiki nzima. Asubuhi hiyo ya mwezi wa sita jua lilikuwa kali mapema. Earline alikuwa ametundika kambani mashuka matatu ya kumkinga farasi na wadudu: moja la neti nyepesi la buluu, moja la mistari ya punda milia, na moja jeupe, la matundu madogo sana, lenye kipande cha shingo na kingine kipana cha kupita chini ya tumbo. Mbele ya mashuka hayo alisimama Alcide, mzee mrefu wa miaka sabini na kitu, kofia mkononi, macho yakihama kutoka shuka hili hadi lile na kurudi.

— Shemeji, umesimama hapo mpaka mashuka yameanza kukuzoea, alisema Elmo kutoka benchini. Chagua ukae, kahawa inapoa.

— Nachagua.

— Unachagua au unafanya maombi?

Elmo ndiye kaka wa Leontine, mke wa Alcide. Watu walimwita Jaji, kwa kuwa hakuna ubishi aliokubali uishe bila yeye kuutolea hukumu. Pembeni yake alikaa Wilfred, mfupi, mwenye kofia ya timu ya besiboli, aliyeitwa Redio. Sababu yake haikuhitaji kuulizwa.

Alcide hakucheka. Farasi aliyemtafutia shuka hakuwa wake. Pakani, jike la rangi ya kahawia, alikuwa wa Leontine, na kila Jumapili ya msafara wa wapanda farasi Leontine alimpanda mbele ya wanaume, mgongo wima, zaideko, muziki wa kodiani wa kwao, ukilia kwenye gari la nyuma. Halafu, baada ya Krismasi, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa kuvutwa. Kila jioni alimwuliza mumewe neno hilo hilo: "Pakani?" Na kila jioni Alcide alijibu: "Mzima. Anakula vizuri."

Pakani hakuwa mzima. Tangu joto lianze alikuwa akijisugua kwenye nguzo za uzio usiku na mchana, nywele za shingo zimenyonyoka, ngozi imechubuka hadi nyama nyekundu. Mpwa wa Alcide, anayeishi juu kaskazini kwenye vilima ambako wadudu si wengi, alikuwa amekubali kumchukua. Jumamosi angekuja na trela. Alcide hakuwa amemwambia mkewe. Alijiambia kwamba akipata shuka linalofaa, pengine hatalazimika kumwambia.

— Chukua la punda milia, alisema Redio. Mistari inawachanganya nzi. Nzi anakuja mbio zake, anataka kutua, anaona nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, kichwa kinamzunguka, anaanguka chini.

— Umemwona wewe akianguka? aliuliza Jaji.

— Binamu yangu kule Lafayette kamwona.

— Binamu yako huyo huyo aliyemwona samaki akipanda mti?

— Hakupanda. Alikuwa ameegemea.

Earline, aliyekuwa anamwaga kahawa, alitingisha kichwa. — Alcide, usiwasikilize hawa. La buluu ni jepesi. Na joto hili, mnyama akivaa zito atatota jasho.

— Hapana, hapana, alisema Jaji, akaweka kikombe chini namna ya mtu anayefungua kesi. Rangi ndiyo kila kitu. Pange anapenda kitu cheusi chenye joto. Cheupe hakioni. Kwa hiyo jeupe. Kesi imefungwa.

— Cheupe hakioni! Redio alipiga paja. Wewe unavaa shati jeupe kila Jumapili, mbona mbu wanakula shingo yako mpaka kasisi anasimamisha mahubiri?

— Mbu ni mbu, pange ni pange.

— Wote ni wamoja. Sikiliza, Jaji, nikwambie jambo ambalo watu hawataki kulisema. Hawa wadudu wa siku hizi si wale wa zamani. Wanazaliwa kwenye mashamba ya mpunga, wanakunywa dawa tangu wakiwa watoto. Dawa haiwaui, inawanoa! Mdudu wa namna hiyo shuka ni kama leso kwake. Wewe mvalishe farasi shuka, mdudu anakaa pembeni, anasubiri livuliwe. Wana akili. Wanajua sura za watu.

— Wanajua sura?

— Mimi nikienda kwangu na gari la mke wangu hawaniumi. Nikienda na la kwangu, wananisubiri getini.

Hata Earline akacheka. Alcide alishika kona ya shuka la milia, akalipima kati ya vidole. Kitambaa kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Alijaribu kuwaza jinsi lingekaa kwenye mabega ya Pakani, akagundua hajui mabega hayo ni mapana kiasi gani. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona yule mnyama kutoka dirisha la jikoni, na Leontine akiwa juu yake au kando yake.

— Mimi ningekwambia, aliendelea Redio, nunua mashuka mawili. Moja mvalishe Pakani, la pili mvalishe ng'ombe wa jirani, lakini usimfunge vizuri. Nzi wote watahamia kwa ng'ombe.

— Na jirani?

— Jirani naye anunue mawili.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa ametoka dukani na mfuko wa chakula cha kuku begani. Aliitwa Corliss, alikuwa amehamia kutoka Lake Charles majuzi tu kufanya kazi posta, na hakuna aliyekuwa amemzoea bado. Aliushusha mfuko aupumzishe mkono.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama. Wewe mgeni hebu tuamulie, alisema Jaji. Farasi analiwa na wadudu. Avae lipi hapo?

Corliss aliyatazama mashuka, akawatazama wao.

— Wanamuuma wapi?

— Kule malishoni kwake, alisema Redio.

— Hapana, mwilini. Mgongoni, miguuni, tumboni? Maana naona hili linafunika tumbo na hayo mengine hayafuniki.

Jaji akamgeukia Redio. Redio akamgeukia Earline. Wote wakamwangalia Alcide.

— Shingo, alisema Alcide taratibu. Shingo ndiyo ameisugua. Lakini... sijui kama huko ndiko wanakomwuma.

— Nauliza tu, mimi nafuga kuku. Farasi ni wako?

— Wa mke wangu.

— Na yeye anasemaje?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, huku akiuinua tena mfuko wake. Jaji akaangalia ndani ya kikombe chake. Redio akavua kofia, akaivaa tena. Na Alcide, ambaye kwa miezi mitano alikuwa amemjibu Leontine swali lile lile kila jioni, alitafuta kichwani siku hata moja ambayo yeye alimwuliza Leontine neno, ukiacha kama anataka maji, na hakuipata.

— Mungu wangu, alisema kwa sauti ndogo.

Akavaa kofia, akaenda zake bila kununua kitu.

Jioni, jua likiwa limeshuka usawa wa miti, alimbeba Leontine mpaka kwenye gari lao la mizigo, akamketisha mbele, akaendesha polepole kupitia majani hadi kwenye uzio. Hakumwambia waendako. Leontine alikuwa amevaa gauni la nyumbani na soksi, na alipoona malisho aliinua mkono wa kushoto akaushika ukingo wa dirisha kwa nguvu.

Pakani alikuja. Alikuja kwa haraka, masikio mbele, na Alcide akaona uso wa mkewe ukifunguka, kisha, alipoiona shingo ile, ukajifunga.

— Nilikuficha, alisema Alcide. Nilidhani nakupunguzia.

Leontine alitoa mkono dirishani, akampapasa farasi usoni, kisha akamwonyesha mumewe kwa kidole: ashuke. Ainame. Atazame chini.

Alcide alishuka, akapita chini ya waya, akapiga magoti kwenye majani. Chini ya tumbo la Pakani, kwenye mstari wa katikati, ngozi ilikuwa imejaa magamba ya damu iliyokauka, na juu ya magamba hayo wingu la usubi, vidudu vidogo kuliko punje ya mchanga, likichemka bila sauti. Hakuna mdudu aliyekuwa amekaa mgongoni wala shingoni; shingo aliisugua kwa kuwa tumbo halifiki kwenye nguzo. Alipeleka kiganja, wakapanda mkononi mwake, na mwasho ukampanda mpaka kwenye kiwiko.

— Tumbo, alisema Leontine kutoka garini. Kila... mwaka.

— Kila mwaka? Mbona sikuwahi kumwona hivi?

Ilimchukua muda. Alcide alisimama na kungoja, na safari hii hakujaribu kummalizia maneno.

— Ndani, alisema. Jua... likishuka. Ndani. Na... feni.

Ndipo alipoelewa. Miaka yote ile Leontine alipokuwa akipotea bandani saa ya chakula cha jioni, yeye mezani akinung'unika kwamba mke wake anampenda farasi kuliko mume, alikuwa anamwingiza Pakani ndani kabla usubi hawajatoka, anamwashia feni kubwa la bandani, anampaka mafuta tumboni. Hajawahi kusema. Haikuwa siri, ilikuwa kazi tu, na yeye hakuwahi kuuliza.

Alcide alimwingiza Pakani bandani, akaliwasha feni, akarudi garini. Akakaa nyuma ya usukani na kumwambia yaliyobaki: mpwa, vilima, trela ya Jumamosi.

Leontine aligeuka akamtazama. Alikuwa na hasira ambayo Alcide hakuwa ameiona tangu kabla ya Krismasi, na katikati ya aibu yake alishangaa kuona jinsi alivyokuwa akiitamani.

— Mimi, alisema Leontine, akajipiga kifua kwa mkono mzima. Mimi nipo.

— Najua.

— Hujui. Nipo.

Alcide akatoa simu, akampigia mpwa wake, akamwekea mkewe sikioni. Mpwa alisema halo, akasema halo tena. Leontine akavuta pumzi.

— Usije, alisema. Neno lote, kwa mkupuo mmoja.

Kesho yake asubuhi gari liliposimama mbele ya duka, Jaji aliinuka benchini kabla halijazimwa. Alikwenda akafungua mlango wa upande wa dada yake, akambusu kwenye paji la uso, akabaki ameushika mkono wake ule uliolala.

— Dada, alisema. Nina wiki kadhaa sijaja. Sikujua nikija niseme nini.

Leontine alimpiga kofi jepesi shavuni, wakamsaidia kushuka. Earline akasogeza vikombe, wakamketisha katikati ya benchi, akamletea kahawa nusu kikombe asije akaimwaga. Kisha akayateremsha mashuka yote matatu kutoka kambani, akamwekea magotini.

Leontine aliyapapasa moja moja. La buluu alilinyanyua juani, akapenyeza ncha ya kidole kwenye tundu lake, akaliweka kando. La milia alilikunja kwenye ukingo unaokaa juu ya mabega, akalisugua kwenye shavu lake, akakunja uso, akaliweka kando. Kwenye lile jeupe alikaa muda mrefu. Alitafuta mshono wa begani. Alivuta kipande cha tumbo aone kitafika wapi. Aliliweka mdomoni akapuliza, kuona kama pumzi inatoka upande wa pili.

Redio alikuwa anatokota. Miguu yake ilicheza, midomo ilijiandaa mara kadhaa, lakini Jaji alikuwa amemwekea mkono gotini, na Redio, labda kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, alinyamaza akangoja kama watu wengine.

— Hili, alisema Leontine mwishowe.

— Jeupe! Jaji hakuweza kujizuia. Nilisema mimi!

— Si... rangi, alisema dada yake. Tumbo. Na... linapumua.

— Na jioni bado ataingia ndani, alisema Alcide. Shuka ni la mchana. Jioni feni. Ndivyo, Leontine?

Leontine aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshakigeukia kipande cha tumbo, anakichunguza kifungo chake cha chuma: kulabu upande mmoja, pete upande wa pili. Aliishika kulabu kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuiingiza kwenye pete, ikateleza. Earline alinyoosha mkono kumsaidia; Alcide akamzuia. Ikateleza tena. Leontine akaibana pete kati ya magoti yake, akainama, akasukuma, na kulabu ikaingia kwa mlio mdogo. Akaifungua. Akaifunga tena, sasa bila kuangalia.

Kisha akainua uso, akawapitishia macho wote pale barazani.

— Nani, aliuliza, atamshika... kichwa... mimi nikifunga?

Wanaume wote watatu walikuwa wameshasimama.