Anselmi Lucas, Aliyeambiwa Ana Moyo Mkubwa

Padri, viongozi wa kitongoji, ndugu na majirani, wakubwa shikamooni, karatasi hii imeandikwa na dada wa marehemu, Anastazia, naye anaomba mumvumilie, maana ameiandika kwa uchungu, na kwa hasira pia, Mungu amsamehe.

Anselmi Lucas alizaliwa Rudewa, wilayani Kilosa, tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa mkata mkonge, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1977 hadi 1983, na tangu 1991 alikuwa hapa Mikumi akiziba matairi ya malori. Tarehe 17 Juni 1995 alifunga ndoa na Paulina mjini Kilosa, wakajaliwa Goodluck na Naomi.

Mwaka 2008 Anastazia alianza kukimbia kilomita ishirini kila Jumamosi, na Anselmi, kwa kuwa hakukubali kuachwa na mwanamke, tena aliyemzidi miaka mitatu, akaanza naye, asiache hata alipoona kizunguzungu na moyo kurukaruka.

Machi 2023 walikwenda wote wawili kupimwa Morogoro, daktari akamweleza Anselmi taratibu kwamba moyo wake umekuwa mkubwa kupita kiasi na mapigo yamevurugika, kwamba mazoezi marefu ya miaka mingi hayaugusi moyo wa mwanamume na wa mwanamke kwa namna moja, kwa hiyo apunguze, asijipime kwa dada yake, ambaye wake ulikuwa salama. Jamani, mtu huyu akarudi kijiweni akitangaza kwamba daktari kamsifu ana moyo mkubwa, wa dada ndio mdogo, na madereva wakampigia makofi! Paulina alimsihi, padri alimsihi, yeye akajibu moyo ni moyo, hauvai gauni wala suruali.

Anastazia anakiri mbele ya Mungu na mbele ya Paulina kwamba naye ana kosa, maana mwezi uliopita Anselmi alipozidiwa, akatii, akakaa nyumbani wiki tatu, yeye Anastazia Jumamosi alfajiri alipita mlangoni na raba zake akatania, wifi, huyo bibi harusi wako bado amelala? Naye Anselmi akatoka kukimbia. Alifariki Jumamosi hiyo hiyo, tarehe 11 Oktoba 2025, saa moja asubuhi, kando ya barabara ya Kilosa, mikononi mwa dada yake.

Familia inamshukuru daktari, aliyesema Kiswahili kinachoeleweka, ila sisi ndio hatukutaka kuelewa, inawashukuru majirani mliochota maji na kupika uji, na mafundi wenzake mliofunga kazi. Na wewe Goodluck, uliyeanza kusema umerithi moyo wa baba, Jumatatu unapanda basi na shangazi yako kwenda kupimwa, na usijibu.

Anselmi, mdogo wetu, pumzika kwa amani, walau hili moja utusikilize.