Waifai Ipo, Intaneti Haipo

LUHENDE: Haloo? Baba! Shikamoo mzee wangu.

NYANJIGE: Marahaba, mwanangu.

LUHENDE: ...We! Nani huyo?

NYANJIGE: [anacheka] Mimi. Simu ni ya baba.

LUHENDE: Nyanjige! Yaani umepokea shikamoo ya kaka yako bila hata aibu. Mhola?

NYANJIGE: Mhola duhu, salama tu. Baba huyu hapa nyuma yangu, anakusalimia.

LUHENDE: Msalimie sana. Subiri, nitoke nje, huku Mwanza jenereta la jirani— [kelele] Enhe. Si leo ndio usaili wako? Wale wa chuo cha mifugo?

NYANJIGE: Ndio. Saa nane, kwa video.

LUHENDE: Saa nane? Dogo, sasa hivi ni saa nane kasoro ishirini!

NYANJIGE: Ndio maana baba kasema nikupigie. Laptop imegoma.

LUHENDE: Imegoma kivipi?

NYANJIGE: Tuko ofisi ya parokia, wametupa waifai yao. Laptop imeshika, alama zote zimejaa. Ila nikifungua kitu, hamna. Waifai ipo, intaneti haipo.

LUHENDE: Labda waifai yao ndio—

NYANJIGE: Kishikwambi cha paroko kilikuwa kinafungua fresh tu. Katoka nacho sasa hivi.

LUHENDE: Basi ni laptop. Umeizima ukawasha?

NYANJIGE: Mara mbili. Baba anasema tuipige kidogo ubavuni.

LUHENDE: Mwambie hiyo sio redio! Haya, si bado ina ile Linux niliyokuwekea? Fungua lile dirisha jeusi. Andika sudo, acha nafasi, ufw, acha nafasi, status, halafu—

NYANJIGE: Verbose. Nimeandika.

LUHENDE: Mh. Haya, inasemaje?

NYANJIGE: Active. Kuingia, deny. Kutoka, deny.

LUHENDE: Kutoka deny? Aisee! Hiyo ni firewall, ule ukuta. Kuingia unazuia, sawa, ndio kawaida. Kutoka huzuii! Laptop ikiomba kitu nje, ombi linagonga ukuta, linaishia hapo hapo. Nani kafunga?

NYANJIGE: Mimi. Juzi. Redioni walisema tujikinge na wezi wa mtandao.

LUHENDE: Sasa mbona umeziba pa kutokea?

NYANJIGE: Mwizi si anakuja kutoa, kaka? Akiingia zizini haongezi ng'ombe. Nikaziba pale anapotokea nao.

LUHENDE: [anacheka sana] Jamani! Binti Mboje! Laptop umeizungushia miiba kabisa!

NYANJIGE: Baba anasema nipo sahihi.

LUHENDE: Lazima aseme! Haya, tunafungua, ni mstari mmoja tu. Andika sudo ufw— ngoja. Umesema juzi?

NYANJIGE: Eh.

LUHENDE: Lakini jana jioni si ulinitumia barua pepe ya vyeti vyako? Kwa laptop hiyo hiyo?

NYANJIGE: Haloo? Mtandao unakatakata, kaka, sikupa—

LUHENDE: Unanipata vizuri sana. Mwambie baba atoke nje kidogo, aangalie ile antena ya paani kama haijageuka.

NYANJIGE: Antena inahusiana ni—

LUHENDE: Mwambie tu.

NYANJIGE: [kwa mbali] Baba, kaka anasema... eh, ile ya juu. [mlango unafungwa] Ametoka.

LUHENDE: Umefunga saa ngapi?

NYANJIGE: Saa saba.

LUHENDE: Saa saba ya leo.

NYANJIGE: Wanaonisaili wapo watano, kaka. Majina yao wameyatuma, wote Dokta, Dokta, Dokta. Mimi hata darasani nikiitwa jina masikio yanawaka. Nitawaambia nini?

LUHENDE: Kwa hiyo ukaamua—

NYANJIGE: Nikifunga, inakuwa ni laptop iliyoshindwa. Haiwi mimi.

LUHENDE: Aisee.

NYANJIGE: Umekasirika?

LUHENDE: Sijakasirika. Hivi, yule mtamba aliyekwama kuzaa mwezi wa tatu, baba yuko mnadani. Ilikuwaje? Sijawahi kukuuliza.

NYANJIGE: Kaka, muda—

LUHENDE: Muda upo. Ilikuwaje?

NYANJIGE: Si mguu mmoja wa ndama umetoka, mwingine umekunjika ndani. Watu wamejaa, wanasema vuta, vuta. Ukivuta hapo unaua wote! Nikanawa na sabuni mpaka begani. Nikamrudisha ndama nyuma kwanza. Nikautafuta ukwato, nikaukinga kwa kiganja usimchane mama yake, nikaunyoosha mguu taratibu. Baada ya hapo ndio tukavuta, tena mama akisukuma. Asiposukuma, unatulia.

LUHENDE: Na wale wa vuta-vuta?

NYANJIGE: Akina Masele? Niliwafukuza.

LUHENDE: Masele yule mwenyekiti wa kitongoji?

NYANJIGE: Alikuwa ananizibia mwanga!

LUHENDE: [anacheka] Umemfukuza mwenyekiti halafu unaogopa madaktari. Haya, saa nane kasoro tano. Sikulazimishi, dogo. Ukitaka, namwambia baba laptop imekufa, na siri inabaki kwangu. Ukitaka kufungua, nikutajie amri?

NYANJIGE: Naijua.

LUHENDE: Najua unaijua.

NYANJIGE: ...Allow outgoing. Nimebonyeza. Imekubali, kaka. Ukurasa wao huu hapa. Baba anarudi, anasema antena haijageuka.

LUHENDE: Mwambie ulikuwa ukuta tu.

NYANJIGE: Hapana, nitamwambia ukweli. Nikimaliza. Ngoja kwanza nifungue kamer— inaita! Wanaita! Kata simu!

LUHENDE: Kata wewe, si umepiga wewe!

NYANJIGE: [kwa mbali] Good afternoon. Ndio, nawaona. Naitwa... naitwa Nyanjige...

LUHENDE: Hajakata huyu.

NYANJIGE: [kwa mbali] Samahani, Dokta? Hamnisikii? [Kiti kinaburuzwa.] NAITWA NYANJIGE MBOJE, NATOKEA BARIADI!

LUHENDE: [ananong'ona] Hiyo sauti hata bila simu ingefika Mwan—

[Salio limekwisha.]