Mtamba wa Dada Yangu Mahakamani

Wazee wangu shikamooni, na nyote salamu katika Bwana. Nimesimama kutoa ushuhuda wangu.

Wengi mnajua nilishindwa kesi ya mpaka kule Olmotonyi, nikaamriwa kumlipa jirani yangu fidia. Nikafanya ukaidi. Asubuhi moja dalali wa mahakama akaingia bomani na askari, wakaswaga ng'ombe wangu. Kati yao alikuwemo mtamba wa dada yangu, mjane anayekaa Lemara. Mjini hana pa kufugia, basi akaniwekea mimi, kama tunavyowekeana huku kwetu. Mali yake ilikuwa huyo mmoja tu.

Dalali akauliza, "Hawa wote ni wako?" Ndugu zangu, nawaambia, nilinyamaza. Moyoni nilijua akiuzwa yule, wangu mmoja atapona.

Dada akaja mbio. "Kaka, si uwaambie ni wangu?" Nikamjibu ati mambo ya mahakama hayaingiliwi. Uongo mtupu! Karani mmoja ndiye aliyemweleza kwamba mali yako ikikamatwa kwa deni la mwingine, unapeleka pingamizi, na hakimu anasimamisha mnada kwanza, asikilize ni ya nani. Akapeleka.

Siku ya kusikilizwa, jirani yangu akasema, "Mheshimiwa, huyo mtamba aangaliwe masikio. Ana alama ya boma la kaka wa huyu mama." Alama ile nilimkata mimi alipoletwa, eti asipotee malishoni. Dada alinitazama tu, na macho yale sijayasahau.

Nikaitwa kutoa ushahidi. Nikashika Biblia, nikaapa. "Mheshimiwa, alama ni yangu, ng'ombe ni wa dada. Nilinyamaza ili wangu mmoja apone." Watu wakaguna. Hakimu akaamuru arudishiwe mtamba wake, na wangu wakapigwa mnada wote.

Namshukuru yule karani. Namshukuru na mke wangu, aliyeninunia wiki nzima mpaka nikaenda kusema kweli. Wapendwa, ukiwekewa mnyama, mkate alama ya mwenyewe, na mwandikishane kwa balozi wa nyumba kumi. Ukiulizwa ni wa nani, jibu palepale, usingoje kuapishwa.

Dada amekaa pale nyuma. Ananisalimia vizuri, hana kinyongo. Ila mtamba wake alimpeleka Olasiti, kwa mtu baki. Nasikia amezaa. Nimesikia kwa watu.