Mwezi wa Chalbi Nilioutuma Nikiwa Makupa

Assalamu alaykum. Na wale ambao salamu yenu ni nyingine, hamjambo nyote. Mwenyekiti amenikumbusha pale mlangoni kwamba katika kikao chetu hiki cha kuambiana makosa yetu hatutaji majina ya watu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kwani katika kisa hiki mwenye kosa ni mmoja tu, naye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Jumamosi tatu nimeombwa nizungumze, na Jumamosi tatu nimesingizia kikohozi. Leo kikohozi chenyewe kimenichoka. Basi nivumilieni, maana mimi ni mtu wa maneno mengi, na kwa miaka mingi maneno ndiyo yaliyonilisha.

Nilikuwa natembeza wageni. Si hapa pwani, la. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, niliyezaliwa kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, nilikuwa nikiwatembeza watu jangwani, kule kaskazini, Chalbi. Dereva ni mimi, kiongozi wa msafara ni mimi. Huko watu hulipa ili watembee kwa miguu mahali pasipo na mti wala kivuli. Msiniulize kwa nini, nimeifanya kazi ile miaka kumi na moja na jibu sijapata. Twaondoka alfajiri, ngamia wamebeba maji, na ardhi ni nyeupe kwa magadi, ukiikanyaga yavunjika kama ukoko wa wali. Saa nne twapumzika, twanywa chai, twangoja jua lipunguze hasira.

Nami nilikuwa na mtindo wangu. Kila siku nikipata mtandao natuma picha kwenye kundi la ukoo wetu kwenye simu. Nyayo mchangani, birika juu ya mawe, mgeni aliyeungua pua, mimi na kilemba changu najifanya mtu wa huko. Nawatumia wote, lakini kwa kweli nilikuwa namtumia mama yangu. Mama ana magoti mabovu, safari yake ya mbali siku hizi ni kutoka chumbani hadi barazani. Basi picha ikiingia, aikuza kwa vidole viwili, awaonyesha majirani, kisha aniletea maswali kwa ujumbe wa sauti: "Huyo ngamia wa kushoto mbona amekonda? Na wewe umekula nini?" Isiolo hajafika maishani mwake, lakini Chalbi aijua.

Sasa nikaanguka. Gari lilikwama mchangani, nikainama kusukuma jiwe chini ya gurudumu, nikasikia kitu mgongoni kimekatika. Nililia mbele ya wageni, sioni haya kusema. Daktari akasema pingili imeteleza, nisibebe kitu, nisiendeshe gari kwa miezi. Tajiri wangu akaniambia nipumzike, atanipigia. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikwambia atakupigia, usikae umeishika simu mkononi.

Nikapanda basi kurudi Mombasa, nia yangu niende nyumbani. Wallahi nia ilikuwa hiyo. Lakini nilipoteremka nikajitazama, natembea kwa kujishika ukuta, mfuko mtupu, mimi ambaye mtaa mzima wanijua kuwa ndiye wa jangwani. Nikaona haya. Nikasema nitakaa Makupa siku mbili kwa rafiki yangu mmoja, mgongo unyooke kidogo, ndipo niende. Na ili mama asishangae kimya changu, jioni ile nikafungua simu, nikachagua picha ya zamani, ya birika, nikatuma. Moja tu.

Mnacheka, kwa sababu mwajua moja tu huwa ngapi.

Nilikuwa na maelfu ya picha kwenye simu ile. Nikawa fundi. Picha ya alfajiri naituma alfajiri, ya chai naituma saa nne. Wakati huohuo nimepata kibarua kwenye ghala la magunia palepale Makupa. Kazi ya kukaa, mgongo ukiniruhusu. Unapewa rundo la magunia yaliyotoboka na shazia, ile sindano kubwa, unashona mchana kutwa huku malori yakikuvumishia vumbi. Ni kazi ya halali. Mimi nikaiona aibu. Nashona gunia kwa mkono huu, na kwa mkono huu natuma jangwa. Nyumbani kwa mama, kwa tuktuk, si dakika ishirini. Mara moja alishikwa na homa, akaniuliza, "Mwanangu, utakuya lini?" Nikamjibu kwa picha ya ngamia.

Hiyo mpaka leo yaniuma kuliko mgongo.

Miezi mitatu ikapita hivyo, ikaingia Ramadhani. Sasa wenzangu Waislamu mtanielewa haraka, na nyinyi wengine nawaeleza. Mwezi ishirini na tisa Ramadhani, jua likizama, kila mtu huangalia mbinguni. Mwezi ukiandama, kesho ni Idd, na kufunga siku ya Idd ni haramu. Usipoonekana, twakamilisha thelathini. Na mtu akisema ameuona, neno lake ni zito, kwa sababu watu watafunga au watakula kwa kauli yake.

Jioni ya ishirini na tisa tumekaa ghalani twafuturu. Kila mtu asema kesho Idd, yule ameambiwa na shemeji yake, huyu ameota. Nikafikiri, mtu aliyeko Chalbi jioni kama hii, mbingu nyeupe vile, atakosaje kutuma mwezi? Wataniona wa ajabu. Na kesho ni Idd kwa vyovyote. Nilikuwa nayo picha nzuri ya mwaka mwingine, kimwezi chembamba juu ya magadi. Nikaituma. Chini nikaandika: Chalbi, jioni ya leo.

Kabla ya isha tangazo likatoka. Mwezi haukuonekana popote, kesho tufunge. Nikafungua simu, na kundi limewaka moto. Dada yangu ameniandikia: "Kaka, una hakika? Huku wasema haukuonekana." Ndugu zangu, hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema ni picha ya zamani, wangenitukana kidogo, ingekwisha. Nikaandika: "Nimeuona." Neno moja hilo, kisha nikaizima simu.

Asubuhi nikaamka nimefunga. Nitakulaje? Mimi najua sikuuona mwezi, nilikuwa nimetazama sambusa. Nikaenda ghalani, nikachukua shazia. Kwenye saa tisa nikaiwasha simu. Mama yangu, ambaye hajawahi kupiga picha maishani, siku ile amejifunza. Amenitumia picha, imekaa upande, kidole kimeingia. Ni sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kawa nusu. Na sauti yake: "Idd mubarak mwanangu. Wasema hapana mwezi, nimewaambia mwanangu ameuona kwa mato yake, na mwanangu hanambii urongo. Nimekula. Fungu lako hili naliweka."

Nikabaki na sindano hewani. Mimi nimefunga. Mama yangu, mtu asiyeacha hata zile funga sita za sunna za Shawali, yuala mchana wa Ramadhani kwa ajili yangu.

Mkuu wetu pale ghalani ni Mgiriama, mtu wa kanisani, mkali, hapendi mikono iliyosimama. Akaja juu yangu. "Wewe bwana, hilo gunia linakutazama?" Nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vumbi usoni, akasema, "Yaani wewe umefunga, na mama yako umemfungulisha."

Akavua aproni, akamwita mwenzetu ashike ghala, akasema, "Twende."

"Sasa hivi? Ningoje jioni, nikaoge."

"Ukioga utapata lingine la kusema. Twende hivyo hivyo."

Tukafika alasiri. Akakataa kuingia ndani, akasimama pale mlangoni akaniambia, "Niko hapa. Ukitoka mbio nitakurudisha." Nikaingia na nyuzi za gunia kichwani. Mama amekaa ukumbini, na mbele yake zimepangwa sahani, tano au sita, zimefunikwa. Nilidhani ni za kupeleka kwa majirani. Kumbe zimeshapelekwa na zimerudi. Watu wamefunga, watapokeaje pilau mchana? Wamezirudisha kwa adabu, moja moja, na yeye amekaa nazo.

Akaniona, uso ukamchanua. Akasema, "Umeruka kwa ndege?"

"Mama, natoka Makupa."

Akaziangalia zile nyuzi za gunia kichwani mwangu.

"Mwezi sikuuona. Picha ni ya mwaka mwingine. Zote ni za miaka mingine. Niko Makupa tangu kabla ya Rajabu, nashona magunia. Mgongo uliumia, kazi sina, nikaona haya kukwambia."

Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Aliinuka kwa magoti yale, akaenda akasukutua kinywa, akarudi akakaa. Akajizuia kula mpaka magharibi, na siku ile akaja kuilipa mwezi uliofuata. Aliposema, alisema polepole. "Kazi kupotea si aibu. Ungekuya ningekukanda huo mgongo. Mimi n'na homa, we u hapo Makupa." Kisha akasema, "Usinitumie picha tena."

Niliinamia mapaja yake nikalia, naye hakunigusa kichwa.

Kupanda kutoka shimoni hakukuwa na utamu wowote, nisiwadanganye. Watu watano walikula siku ile kwa kauli yangu, nikawaendea wote watano. Nikaenda kwa imamu wa msikiti wetu mdogo. Akanisikiliza, akaniambia nitubu, na niwaambie watu mwenyewe kabla hawajaambiwa na wengine. Basi nikaandika kwenye kundi la ukoo, kila kitu. Binamu zangu, Mungu awape wanachostahili, walinila nyama mwezi mzima.

Nikarudi kuishi nyumbani. Mama alinipikia, alinikanda mgongo kwa mafuta, lakini simu yake ilipolia na picha yangu, hakuifungua. Maana nilirudi kutuma, kwenye kundi. Safari hii picha za kweli. Rundo la magunia. Foleni ya hospitali ya mazoezi ya mgongo. Mimi nimelala chali sakafuni, mguu juu, tumbo limetokeza. Chai ya ghalani kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Binamu mmoja kila nikituma aniuliza, "Hii nayo ni ya mwaka gani?" Namjibu, "Ya leo, saa nne na robo, njoo uone." Siku moja akaja kweli. Akanikuta na kikombe kilekile, akaketi, tukanywa. Tangu siku ile hakuniuliza tena.

Mama bado hazifungui. Wiki zikapita. Nikajiambia, pengine kwa mama nimeshakwisha, na ni haki yake. Naendelea kutuma tu, kwa sababu nilikuwa nimeahidi nafsi yangu.

Basi mwezi uliopita nipo kazini, nikapigiwa na shangazi yangu wa Lamu, hata hayumo kwenye kundi letu. Asema, "Kwani wewe siku hizi ni fundi?" Nikamuuliza nani kamwambia. Akanisikilizisha ujumbe. Mama amemtumia picha yangu ya asubuhi ileile, mkono huu na shazia na gunia lililoshonwa nusu, na sauti yake yasema: "Huyu ni mwanangu. Yuko Makupa, ashona magunia. Picha ni ya leo." Kumbe amewatumia wote. Pate, Malindi, mpaka mtoto wa dada yake aliyeko Maskati.

Nililia pale ghalani mbele ya wapakizi wa malori. Mkuu wetu akaniambia nikilia nilie mbali na magunia, yataoza.

Ndugu zangu, mgongo wapona. Daktari ameniruhusu kutembea, na mwezi ujao naanza kuwatembeza wageni hapa hapa mjini, asubuhi tu, mikono mitupu. Magunia siyaachi. Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu. Namshukuru imamu, na dada yangu aliyeniuliza swali nikamjibu vibaya. Namshukuru binamu mwenye mdomo. Na yule mkuu wa ghala, aliyesimama juani saa nzima mlangoni kwa watu asiowajua, huyo sina cha kumlipa.

Sitaki kuwahubiria. Najua kitu kimoja tu, kwamba wanaotupenda hawakuipenda kazi yetu, na tukiwaficha tulivyo, tunawaacha wampende mtu ambaye hayupo. Humu ndani, nawatazama, pana mtu ambaye asubuhi ya leo ametoka kwake amevaa nguo za kazi, na kazi hana, na nyumbani hawajui. Simtaki ainue mkono. Nikimaliza hapa nitakuwa pale nje, karibu na ngazi. Aje tu, tutakwenda naye mpaka kwao. Aingie peke yake. Mimi nitasimama mlangoni, na nitangoja kadiri itakavyochukua.