Darasa Lisilosalimiana

Mchungaji, wazee wa usharika, nanyi nyote mliobaki baada ya ibada, mtaniwia radhi kwamba nimesimama hapa bila kuwasalimu. Sikusahau, wala si kiburi. Salamu ninazo. Nitazitoa mwishoni, na mkinivumilia mtaelewa kwa nini zimekaa huko. Jambo la pili: mkisikia mkwaruzo katika kipaza sauti, fundi mitambo asihangaike na waya zake. Mkwaruzo huo ni mimi.

Mimi si mpenzi wa shuhuda. Nimesikia nyingi ambamo msemaji hulipamba shimo aliloangukia mpaka msikilizaji akatamani kuangukia humo naye. Kwa hiyo nitasema yaliyotokea kama yalivyofuatana, na sitamtaja mtu kwa jina.

Wengi wenu mnajua kwamba nilikuwa mwalimu wa sekondari, wa historia na uraia. Sauti yangu ilikuwa zana ya kazi, kama randa kwa seremala. Aliyeketi nyuma kabisa hakuhitaji kusogea, na waliokuwa wakicheza mpira uwanjani walijifunza historia bila kukusudia. Kisha uvimbe ukaota kwenye nyuzi za sauti. Madaktari waliukata, wakasema nina bahati, haukuwa wa aina mbaya, ila lazima nirudi kupimwa. Uhai ukabaki, sauti ikaondoka. Hiki mnachokisikia sasa ni kilichorudi baadaye. Wakati ule hata hiki hakikuwapo.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu aliyepoteza sauti haumbuki kwanza kazini. Huumbuka njiani. Hapa Pasiansi, kutoka mlangoni kwangu hadi barabara kuu, napishana na watu niliowafundisha na watoto wa watu niliowafundisha. "Shikamoo, mwalimu!" Jibu lake ni neno moja, na kila mmoja wenu analijua. Mimi nilifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Siku moja kijana mmoja alimwambia mwenzake, wala hakujisumbua kunong'ona:

"Mwalimu siku hizi haitikii. Kaukata."

"Kaukata wapi," mwenzake akamjibu, "na viatu ni vilevile?"

Nikaanza kupita njia ya nyuma, ile inayozunguka majabali kuelekea ziwani, ambako nilikutana na mbuzi tu. Mbuzi hamwamkii mtu. Nilijiambia kwamba napenda utulivu. Msomi huwa hakosi jina zuri la kuipa aibu yake.

Shuleni nikaondoka. Kituo kimoja cha elimu ya watu wazima hapa mjini kikanipa kazi ya kuandaa kozi ya mtandaoni, kwa ajili ya watu wazima wanaotaka kufanya au kurudia mtihani wa kidato cha nne: mafundi cherehani, wafugaji, akina mama walioacha shule wakalea. Mkuu wa kituo ni mama wa kutoka Kagera, mwenye adabu nyingi na ulimi usiozunguka. Aliniambia hivi:

"Mwalimu, kazi hii haihitaji koo, inahitaji kichwa na vidole. Lakini nataka watu hawa wajadiliane. Vitabu vya kusoma peke yao wanavyo, na ndivyo vilivyowashinda. Ukiniletea darasa linaloongea, kazi ni yako. Lisipoongea, nitamtafuta mtu mwenye sauti arekodi masomo, nasi tutaagana kwa heshima."

Hapo ndipo mkate wangu ulipowekwa. Zaidi ya mkate, ilikuwa ni swali la kama mimi bado ni mwalimu au ni mtu aliyewahi kuwa mwalimu.

Niliandika masomo yale kwa uangalifu ambao hata leo siuonei haya. Kisha nikafungua jukwaa la majadiliano, mahali ambapo kila mwanafunzi angeandika na wenzake wote wakasoma. Asubuhi ya kwanza simu yangu ilitetemeka mpaka ikasogea mezani. "Shikamoo mwalimu." "Shikamoo mwalimu, na habari zenu wanafunzi wenzangu." "Nzuri, poleni na majukumu." "Tumeshapoa, nanyi poleni." "Mwangaluka!" aliandika mmoja kwa Kisukuma, na wengine wakamrudishia mwangaluka zao. Hakuna hoja hata moja. Shikamoo juu ya shikamoo, na kila moja inasubiri neno lilelile.

Mchana huohuo niliandika sheria. Naikumbuka vizuri, kwa kuwa niliipenda: "Jukwaa hili ni la hoja. Salamu, pole, hongera na mizaha ni marufuku. Anayeandika aanze na hoja." Mkuu wa kituo alipouliza sababu, nilimwambia kwamba salamu zinamaliza bando za wanafunzi. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikuwa sababu yangu.

Walitii. Watu wetu ni watiifu mno kwa mwalimu, na utii wao unaweza kukuzika. Niliuliza: je, ni haki binti kurithi ardhi ya baba yake? Swali hilo ukiliuliza kwenye msiba wowote wa Kanda ya Ziwa, chakula kitapoa kabla halijaisha. Kwenye jukwaa langu, wa kwanza aliandika: "Ni haki, kwa sababu watu wote ni sawa." Wa pili: "Naungana mkono na mchangiaji aliyetangulia." Wa tatu: "Nami pia." Wa nne: "Sina la kuongeza." Wakaendelea hivyo hadi wa mwisho, kama watu wanaopokezana ndoo tupu.

Mmoja hakuandika chochote. Nilijua kwamba anaishi Usagara, na kwamba mahali pa picha yake ameweka picha ya fahali. Nikaona mtu mzima hawezi kujitambulisha kwa fahali, basi nikamwandikia mbele ya wote: "Kijana, changia. Hatukuja kutazamana." Akajibu: "Sawa mwalimu." Hakuandika kingine.

Wengine wakaanza kupungua. Mama mmoja aliondoka bila kuaga, nami nikamhesabu kuwa mvivu. Baadaye sana nilijua kwamba alikuwa amefiwa na mume. Alikuwa akifungua jukwaa, anasoma sheria yangu, anafunga. Pole ilikuwa marufuku. Sitaongeza neno juu ya hilo, kwa kuwa halihitaji.

Mkuu wa kituo alisoma majadiliano yetu, akaniita. "Mwalimu," akasema, "darasa lako ni kama makaburi yaliyopaliwa vizuri. Pasafi, na hakuna anayeongea. Mwezi huu ukiisha hivi, tutaongea mimi na wewe."

Katika mwezi huohuo nilirudi hospitalini kupimwa. Daktari alitazama koo, akatazama tena, akasema kuna kitu asichokipenda. Akakata kipande, akaniagiza nirudi kuchukua majibu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Njia yangu ilikuwa ya mbuzi. Niliacha kuandika jukwaani kwa sababu sikuona nimwandikie nani, na kuhusu nini.

Siku ya majibu nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa, mchana kweupe, simu ikatetemeka. Alikuwa mama mmoja wa Igoma, fundi cherehani, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amechangia "nami pia" na si zaidi. Aliandika jukwaani, mbele ya wote:

"Shikamoo mwalimu. Najua nimevunja sheria, ukinifukuza nitaelewa. Hujaandika siku nyingi, na wewe si mtu wa kuchelewa. U mzima?"

Nikaandika: "Marahaba."

Ndugu zangu, simameni nami hapo kidogo. Neno lililokuwa limenikwama tangu nipasuliwe koo lilitoka kwenye kidole bila mkwaruzo. Lilitoka zima. Jukwaa lile ndipo palipokuwa mahali pekee katika mji huu ambapo ningeweza kuitikia shikamoo kama mtu mwingine yeyote, na mimi ndiye niliyekuwa nimeipiga marufuku hapo. Nilijenga ukuta wa kuniepusha na mafuriko, nikauzungushia kisima.

Nikaendelea kuandika. "Si mzima sana. Niko hospitalini, nasubiri majibu ya koo. Sauti sina. Sikuwaambia."

Walikuja wote.

"Pole mwalimu wetu."

"Kumbe! Sisi tulidhani wewe ni mkali tu."

"Ni mkali pia," aliandika mwingine. "Koo halihusiki."

Ndipo fahali wa Usagara akafungua kinywa. "Pole sana mwalimu. Mimi ndiye yule kijana uliyeniita. Nina wajukuu, na mkubwa wao anakaribia kuoa. Tuliza moyo, Mungu yupo."

Nilitafuta la kumjibu. Nimesoma vitabu vingi, na katika vyote halikuwamo ila neno moja. Nikaandika: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Kumbe unajua."

Mama wa Igoma akaingia hapohapo. "Jamani, kumbe ni baba! Mimi ndiyo maana sikuwa namgusa. Naona fahali tu, nitajuaje kama nabishana na mkwe au na mtoto?"

"Sasa umejua," akasema mzee. "Na mimi lile swali la ardhi sikubaliani nanyi hata mmoja. Binti akiolewa, ng'ombe wameshaingia kwa baba yake. Ardhi ya nini tena? Atailima akiwa wapi?"

"Shikamoo baba. Naomba nikupinge."

"Marahaba. Nipinge, ila taratibu, nina presha."

"Hao ng'ombe walikuja kwa ajili yangu, lakini hawakuja kwangu. Walimwoza kaka yangu. Mimi nilipoachika nilirudi nyumbani na begi, na kaka akaniuliza nimefuata nini. Sasa baba yangu, niambie wewe: nilifuata nini?"

Tuliona mzee anaandika, anafuta, anaandika. Mwishowe akasema: "Swali lako zito, mama. Nina binti mmoja aliyeachika. Nitarudi kesho na jibu."

Muuguzi aliita jina langu, wala sikusikia. Jirani yangu wa benchi ndiye aliyenigusa bega. Majibu yalikuwa salama, Bwana ashukuriwe. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba majibu ndiyo yaliyonisimamisha. Nilikuwa nimeshasimama kabla sijaingia kwa daktari.

Mzee wa Usagara alirudi kesho yake na jibu. Halikuwa lile la jana, wala halikuwa la mama wa Igoma. Lilikuwa lake mwenyewe, la mtu aliyelala nalo. Siku hiyo nilielewa kwamba mjadala ndio huo.

Kozi ile niliivunja na kuijenga upya, na wenzangu walio walimu wataniruhusu kueleza kidogo. Wiki ya kwanza sasa haina somo. Kila mmoja anaamkia, anaamkiwa, anaeleza yuko wapi na kinachoonekana mlangoni kwake. Mkubwa anajulikana, mdogo anajulikana, na mtu akishajua amsalimu vipi mwenzake, amepata pia ruhusa ya kumpinga. Baada ya hapo wanagawanyika katika vikundi vidogo, kama jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba, na kila kikundi kina mtu wa kumtafuta aliyenyamaza. Swali lenye jibu moja silipeleki jukwaani. Anayeandika hanijibu mimi, anamjibu mwenzake kwa jina. Nami nimejifunza kazi ngumu kuliko kufundisha, ambayo ni kusubiri. "Naungana mkono" bado ipo, ila mama wa Igoma akiiona humuuliza mwandishi: "Unaungana nao kwa mkono tu, kichwa umekiacha wapi?"

Yule mama aliyefiwa nilimwandikia pole, kwa kuchelewa, nikaomba radhi. Muhula uliofuata alirudi. Mkuu wa kituo naye alisoma majadiliano mapya, akaniambia: "Mwalimu, wafu wamefufuka. Sasa nina kazi ya kuwapunguzia kelele." Kazi ninayo hadi leo.

Nawashukuru madaktari walionibakishia uhai. Namshukuru mkuu wa kituo kwa kutonihurumia. Namshukuru mama aliyekubali kufukuzwa kwa ajili ya salamu, na mzee aliyeitwa kijana akavumilia. Wala hawapo hapa, na huenda wasingependa kushukuriwa.

Fundisho ninalo, maana mwalimu hafi nalo. Nyaraka za mitume tunazosomewa madhabahuni humu zimejaa salamu, mwanzo na mwisho, jina kwa jina. Miaka yote nilikuwa nikiziruka ili nifike upesi kwenye mafundisho. Ninyi mnaoongoza vikundi, kwaya, vikoba, madarasa, na hayo makundi ya simu mnayoyafungua kila siku, msiwe na haraka hiyo. Anayeruka salamu ili apate hoja atazikosa zote mbili. Na yule mkimya katika kundi lako, kabla hujamwita mvivu, muulize kama ni mzima. Kisha usubiri ajibu.

Nimemaliza, na sasa naweza kulipa deni nililowawekea.

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni.

Nanyi vijana wa Pasiansi, ambao tumepishana miaka hii nikiwa natazama chini: nitatoka kwa mlango wa mbele, nitapita njia kuu. Niamkieni. Nitaitikia. Ila mkishaamkia msiondoke haraka, maana marahaba yangu inachukua muda kufika.