Mkwe Asiye na Kilima

Wanangu, acheni kunong'ona hapo mlangoni. Ingieni mkae, pumzi niliyobakiwa nayo si ya kupigia watu kelele. Baudouin, wewe ndiye mkubwa, zima hiyo simu. Na mkeo Epiphanie asinililie bado. Akimaliza machozi leo, msibani atalia na nini?

Vitu vyangu ni vichache. Cherehani ni ya Epiphanie, ingawa tangu tufike Durban supu anayonipikia haijawahi kuwa na chumvi. Friji ibaki hapa nyumbani Glenwood, wanafunzi wapangaji waendelee kuibiana maziwa. Hayo yamekwisha. Linalonizuia kufa ni la Anaïs, mjukuu wangu.

Anaïs ameposwa na Brendan, Mzungu wa Australia aliyekuja kutazama Kombe la Dunia akabaki, sasa yuko ofisi ya meli kule bandarini. Desturi yetu ya Burundi mnaijua: siku ya posa msemaji wa bwana harusi husimama mbele ya pombe akataja baba, babu na kilima walikotoka. Brendan alipoulizwa, alijibu bila haya kwamba babu wa mababu zake alikuwa mtu wa Ayalandi, akaiba kondoo wakati wa njaa, akafungwa minyororo na kupakiwa kwenye meli hadi Australia. Brendan amekwenda Ayalandi kutafuta kwao, ameuliza makanisani, ametembea makaburini, wapi! Bandari alikopakiwa yule babu anaijua; nyumba alikotolewa haijui.

Baudouin ukasema, "Mama, binti yangu simpi mtoto wa mfungwa asiye na kilima." Mdogo wako Arnaud naye akaleta akili za sokoni: tumtungie babu chifu, wageni watajuaje? Eish, Arnaud! Chifu wa Ayalandi, na hiyo Ayalandi kwenye ramani huwezi kuionyesha! Sitaki uongo kwenye posa ya mjukuu wangu.

Nilimuuliza Brendan, huyo babu mfungwa wa zamani hivyo anamtafutia nini. Akasema, "Bibi, aliondolewa kwao bila kuagwa. Nataka mmoja wetu arudi pale, amtaje." Nikamkumbuka mume wangu. Baudouin, baba yako tulimwacha njiani tukikimbilia Kongo, na hakuna kati yetu anayejua amelala upande gani wa mto Ruzizi. Je, yeye naye si mtu?

Basi posa itafanyika, kwa pombe ya mtama ya Wazulu, maana ya ndizi hapa hakuna. Upande wa binti atasema Arnaud, na asitunge kitu. Brendan hana ndugu hapa wa kumsemea. Baudouin, utamsemea wewe. Ndiyo, wewe. Najua baba wa binti hakai upande ule. Anayetaka kuniitia kikao aniitie haraka. Utavuka, ukae na mkwe wako, usimame useme wazi: babu yetu aliiba kondoo kwa njaa, akafungwa, akapelekwa mbali, na kilima chake bado tunakitafuta.

Mimi nizikeni hapa hapa, msinisafirishe. Anaïs, leta mkono. Mungu akupe nyumba yenye... yenye kelele. Awatunze wote, hata wewe, Epiphanie.

Baudouin, hebu sema nisikie. Usimtazame mkeo, nitazame mimi... Ongeza sauti.

Ehe. "Babu yetu." Hivyo hivyo, mwanangu. Endelea... nakusikia.